Nimeona taarifa za wanachama wote wa sacco ya mama. Je, nizianike mtandaoni?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa teknolojia ya habari, kwetu ni Vihiga. Mama ni mwanachama wa sacco moja ya wakulima wa majani chai huku kwetu. Mwezi uliopita nilikuwa nikimsaidia kuangalia salio lake kwenye tovuti yao, nikaona anwani ya ukurasa inaishia na namba yake ya uanachama. Nilibadilisha tarakimu ya mwisho, ikafunguka taarifa ya mtu mwingine kabisa: jina, kitambulisho, simu, akiba, mkopo na wadhamini. Nikajaribu namba nyingine kadhaa, zote zikafunguka. Nilipiga simu ofisini, nikaambiwa mambo ya mfumo hayanihusu. Wenzangu chuoni wanasema tupakue taarifa zote tuzianike kwenye X ili sacco iaibike, kama lile kundi la wadukuzi la Anonymous wanavyofanya. Mmoja anasema afadhali tuiangushe tovuti yenyewe. Nimekasirika kwa sababu hilo ni jasho la mama. Tukifanya hivyo tutakuwa wahalifu au watetezi? Na kama kufuata sheria ni kunyamaza, uhuru wa mtandao una maana gani?

JIBU: Kijana wangu, salamu zimefika. Kabla ya lolote, usifungue namba nyingine hata moja. Ulizozifungua zimekwisha kuthibitisha kasoro, na kila utakayoongeza kuanzia leo itaonekana kuwa kazi ya mtu aliyejua vizuri anachokifanya. Waambie na wenzako. Kama kuna kurasa za watu zilizosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp, ziondolewe leo. Wewe baki na picha ya ukurasa wa mama pekee, ile inayoonyesha namba yake ikiwa mwishoni mwa anwani.

Kuna jambo moja ambalo sidhani umeliwaza. Uliingia kwenye ile tovuti kwa akaunti ya nani? Kwa akaunti ya mama. Seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, huandika kila ukurasa ulioombwa, saa ulipoombwa, anwani ya kifaa kilichouomba na, mara nyingi, mwanachama aliyekuwa ameingia wakati huo. Siku taarifa hizo zikianikwa na polisi wakaanza kutafuta aliyezipakua, jina la kwanza watakalolikuta kwenye kumbukumbu za seva ni la mama yako. Gari litasimama uani kwenu kabla halijafika chuoni.

Turudi kwenye kasoro yenyewe, maana ukiielewa vizuri utaweza kuieleza hata kwa mtu aliyekukatia simu. Mfumo huo unamuuliza mtu nywila mara moja tu, anapoingia. Akishaingia, unampa ukurasa wowote atakaoutaja kwa namba bila kuangalia kama ni wake. Ni kama karani wa zahanati ambaye akishaiona kadi yako mlangoni anakukabidhi faili ya mgonjwa yeyote utakayemtaja. Kasoro hii imezagaa. OWASP, shirika ambalo orodha zake hutumiwa na wakaguzi wa programu duniani kote, liliiweka familia yake nambari 1 katika orodha ya mwaka 2021. Tiba yake ni fupi: kabla ya kutoa ukurasa, programu ilinganishe mwenye ukurasa na mtu aliyeingia, na wasipolingana ikatae. Mtu anayeujua mfumo huo anaweza kuiandika asubuhi na kuijaribu mchana.

Basi kwa nini haijafanywa? Nimekagua mifumo ya vyama na kampuni ndogondogo kuanzia Nakuru hadi Busia, na hadithi hufanana. Kamati ilinunua mfumo kwa bei ya chini kuliko zote zilizoletwa mezani. Mkataba ulilipia kuufunga na kufundisha makarani, basi. Hakuna kifungu cha kuukarabati. Kijana aliyeuandika alishapata kazi Nairobi na namba yake haipatikani. Kamati huchaguliwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na kwenye mkutano huo wanachama huuliza gawio ni asilimia ngapi, mikopo inachelewa kwa nini, mwenyekiti amelipwa marupurupu gani. Sijapata kusikia mtu akinyanyua mkono kuuliza nani anaweza kuiona akaunti yangu. Kampuni moja ya Nakuru niliikuta bado inatumia akaunti ya mhasibu aliyeacha kazi kitambo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na ruhusa ya kufuta malipo yaliyokosewa. Makarani wote waliijua nywila yake, na mlinzi wa zamu ya usiku pia.

Usidhani ni umaskini wa huku kwetu. Equifax ya Marekani, kampuni inayotunza rekodi za mikopo za mamilioni ya watu, iliingiliwa mwaka 2017 kupitia tundu kwenye programu iitwayo Apache Struts. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa mwezi Machi. Wadukuzi waliingia Mei. Kampuni ikagundua mwisho wa Julai, na umma ukaambiwa Septemba 7. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wameshachukuliwa taarifa zao. Hapakuhitajika ufundi wa ajabu, palihitajika mtu mmoja asiyeweka kiraka. Hapa Kenya, maduka ya Naivas yalitangaza Aprili 2023 kwamba yamevamiwa na wadukuzi wa aina ile inayofunga mifumo na kudai fidia. Angalau walijitokeza wakasema, jambo ambalo kampuni nyingi hazifanyi.

Kwa hiyo hasira yako ina msingi, na sitaki mtu akwambie vinginevyo. Aliyepewa fedha na siri za watu azitunze, akaambiwa kuna tundu, akajibu halikuhusu, amekosa. Swali ni moja tu: mkizianika, nani ataumia?

Chukua ukurasa mmoja kati ya uliofungua. Una jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, salio la mkopo na majina ya wadhamini. Sasa sikiliza simu ambayo tapeli ataipiga kesho yake: "Habari ya asubuhi mama, napiga kutoka ofisi ya mikopo. Ule mkopo wako wa shilingi 180,000 umebaki 62,400, sivyo? Mdhamini wako wa pili, mzee fulani wa kule sokoni, ameandika barua anataka kujiondoa. Tusipomaliza leo akiba yako itazuiwa. Kuna namba inaingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee." Mama ambaye angemkatia simu tapeli wa kawaida atamsomea huyu, kwa sababu amemtajia deni lake mpaka shilingi ya mwisho na jina la jirani yake. Matapeli wa simu tulio nao hubahatisha. Nyinyi mtakuwa mmewapa orodha yenye majibu.

Halafu kuna kitu ambacho hukukitaja lakini rekodi nyingi za sacco zinacho: jina la mrithi. Wewe umelelewa Vihiga, unajua uzito wake. Kuna mume aliyemwandika dada yake akamwacha mkewe. Kuna mama aliyemwandika binti mmoja kati ya wanawe saba kwa sababu huyo ndiye anayemuuguza. Kuna mjane anayejiwekea akiba ambayo shemeji zake hawaijui, na anaijenga kimya kimya ili siku moja anunue kishamba chake mwenyewe. Watu hao walimwambia karani mmoja siri hiyo, kwa sauti ya chini. Mkiitoa, hakuna amri ya mahakama itakayoirudisha, na mwenyekiti wa sacco hatakuwepo siku boma hilo litakapochafuka. Hili linanigusa kuliko sheria yote nitakayokutajia hapa chini.

Wenzako wanawataja Anonymous, basi tuangalie yaliyotokea. Mwaka 2011 kundi la LulzSec lililotokana nao liliivamia Sony Pictures kwa mbinu ya kawaida kabisa ya kupenyeza amri kwenye hifadhidata, likaonyesha kwamba nywila za wateja zilihifadhiwa wazi bila kufichwa. Hilo lilikuwa fundisho la kweli kwa kampuni. Lakini walichokimwaga hadharani ni taarifa za watu wa kawaida walioshiriki mashindano ya zawadi. Mwezi Juni wakamwaga tena barua pepe na nywila zipatazo 62,000 za watu wasio na hatia yoyote, na wasomaji wao wakaanza kuzitumia kuingia kwenye akaunti za Facebook za wenyewe na kuwaharibia. Disemba mwaka huohuo Stratfor, kampuni ya Marekani ya uchambuzi wa usalama, ikavamiwa, kadi za benki za wateja wake zikatumiwa kutoa misaada bila wenyewe kujua. Stratfor walikuwa wamezembea, kadi hizo hazikuwa zimefichwa kwa msimbo. Aliyelipa gharama hiyo kwanza, hata hivyo, ni mteja. Na waliofanya hivyo? Kiongozi wa LulzSec alikamatwa Juni 2011 akageuka kuwa mtoa habari wa FBI, wapelelezi wa Marekani, akakaa nao miezi akiwasikiliza wenzake. Jeremy Hammond wa shambulio la Stratfor alihukumiwa miaka 10. Ukiwa kwenye kikundi cha WhatsApp kinachopanga jambo kama hili, elewa kwamba hujui nani anahifadhi ujumbe wako.

Sisemi kwamba wanaharakati wa mtandao hawajafanya jema. Januari 2011, serikali ya Tunisia ilipokuwa ikiiba nywila za raia wake ili kufunga midomo ya waandamanaji, walikuwepo watu wa nje waliowatengenezea Watunisia njia za kujikinga na ufuatiliaji huo. Kazi ya namna hiyo naiheshimu. Ilimwongezea raia ulinzi. Mnachokipanga kinampunguzia.

Sasa huyu anayetaka kuiangusha tovuti kwa kuifurika maombi ya bandia. Julai 2023 tuliyaona hayo wenyewe. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika na shambulio lililoipooza eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Aliyekuwa waziri wa habari na teknolojia, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Sawa. Lakini walioteseka ni wale waliokuwa wakitafuta viza, tiketi za treni na tokeni za stima. Wanaodaiwa kuliendesha kundi hilo, ndugu wawili raia wa Sudan, walifunguliwa mashtaka Marekani, na yakawekwa wazi Oktoba 2024. Kabla yao, Disemba 2010, vijana wengi walijiunga kuifurika PayPal kwa sababu ilikataa kupokea michango ya WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri za serikali. Walitumia programu ndogo waliyoipakua bure, wasijue kwamba haifichi anwani ya kifaa cha anayeitumia. Watu 14 walifikishwa kortini Marekani kwa ajili ya shambulio hilo.

Mwambie mwenzako pia kwamba wadukuzi wakongwe walishalijadili suala hili kabla nyinyi hamjazaliwa. Mwishoni mwa 1998 kundi moja lilitangaza vita vya mtandaoni dhidi ya Iraki na China kwa kuwa zinakandamiza raia. Januari 1999 makundi yenye sifa kubwa zaidi, yakiwemo Cult of the Dead Cow, L0pht na Chaos Computer Club, yalitoa tamko la pamoja kulipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kudai unapigania watu wapate habari kwa uhuru huku ukiharibu mitandao inayowaletea habari hizo. Hao hawakuwa mawakala wa serikali. Ndio walioijenga harakati yenyewe.

Upande wa sheria nitakwenda haraka. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inamhusu anayevuka ulinzi wa mfumo ili kuingia bila ruhusa huku akijua hana ruhusa: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 16, kinachohusu kuvuruga mfumo, kinafika milioni 10 na miaka 5. Wakili mzuri anaweza kujenga hoja kwamba hukuvuka ulinzi wowote kwa kuwa haukuwepo, na binafsi naiona hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo sheria yetu haina kifungu kinachomkinga waziwazi mtu anayetafuta kasoro kwa nia njema, na mimi nimeshaliandika hilo kwenye kila jukwaa la maoni nililopata. Ni pengo baya, linawafanya vijana kama wewe mwogope kusema. Mpaka lizibwe, usiijaribu hoja hiyo kwa mwili wako.

Umeuliza uhuru wa mtandao una maana gani. Nitakujibu kwa kesi. Mwezi Mei 2025 Rose Njeri, mtaalamu wa programu, alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliomwezesha mwananchi kutuma barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha kwa bunge kwa kubofya tu. Alishtakiwa kwa kifungu hichohicho cha 16, eti amevuruga mfumo. Juni 20 hakimu wa mahakama ya Milimani, Nairobi, aliitupa kesi hiyo kwa kuwa mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Tazama alichokitengeneza: hakuingia kwenye sanduku la mtu, hakuchukua siri ya mtu, aliwapa watu njia ya kusema kwa majina yao wenyewe. Ndiyo maana alipofungiwa, nchi nzima ilisimama naye, na ndiyo maana mashtaka hayakushika. Uhuru niujuao ni huo, na unapiganiwa kila siku. Juni 24, 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, vijana wakiwa barabarani, intaneti ikazorota, na Safaricom ikaeleza kuwa ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Msimu wa mtihani wa KCSE tumezoea Telegram kufungwa. Oktoba 2025 marekebisho ya sheria ileile ya 2018 yalitiwa saini yakiongeza nguvu za kufunga tovuti, na Reuben Kigame, mzaliwa wa Vihiga kwenu, akaenda Mahakama Kuu pamoja na shirika la haki za binadamu la KHRC, baadhi ya vifungu vikasimamishwa.

Kila mdukuzi anapomwaga siri za raia, anayetaka kuufunga mtandao hupata hoja aliyokuwa akiitafuta. Majirani zetu Tanzania, Mei 2025, akaunti ya X ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa ikarusha uzushi kwamba Rais Samia amefariki. Muda si muda X ikawa haifunguki nchini humo. Pengine wenye mamlaka wangeifunga kwa kisingizio kingine. Lakini hiki waliletewa mlangoni.

Haya, tufanye nini? Hapa ndipo mama yako anapoingia, maana yeye ndiye mwenye kesi. Wewe ni mpita njia aliyeona tundu. Yeye ni mwenye data, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imempa nguvu ambayo wewe huna. Anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria inaruhusu malalamiko hayo yatolewe kwa mdomo, ofisi iyaandike. Hahitaji Kiingereza wala wakili. Ofisi hiyo iko pia hapa Kisumu. Kamishna anapaswa kuyamaliza ndani ya siku 90. Tena sacco ikishajua kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, ina saa 72 kumwarifu Kamishna, na wanachama nao lazima waarifiwe. Ile simu yako ya kwanza haikuandikwa popote. Barua itaandikwa, na saa zitaanza kuhesabiwa.

Usidhani ofisi hiyo ni ya mapambo. Septemba 2023 iliitoza shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. 

Kabla ya barua, pata ushahidi safi. Muombe mwanachama mwingine anayekubali, shangazi au jirani, mkae pamoja mezani. Mama aingie kwa akaunti yake, na msizidi namba ya huyo aliyekubali. Piga picha, andika tarehe na saa, muombe atie saini kwenye karatasi kwamba ameridhia. Hiyo inatosha kabisa kuthibitisha kasoro, na hakuna mtu wa tatu aliyeguswa. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyofanya hata nikiwa na mkataba mkononi.

Barua iwe ya mama, kwa meneja, nakala kwa kamati ya usimamizi. Iwe fupi namna hii:

"Mimi ni mwanachama namba (…). Tarehe (…) nikiwa nyumbani nilifungua akaunti yangu kwenye tovuti ya chama. Niligundua kwamba namba ya uanachama iliyo mwishoni mwa anwani ya ukurasa ikibadilishwa, taarifa za mwanachama mwingine huonekana bila nywila yake. Nimethibitisha hili kwa akaunti ya mwanachama mmoja aliyeridhia, na ushahidi nimeambatisha. Naomba huduma hiyo isimamishwe hadi irekebishwe, nijulishwe kwa maandishi ni nani wengine wamefungua taarifa zangu, na chama kitimize wajibu wake kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nasubiri jibu ndani ya siku 7."

Aipeleke mwenyewe, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Bila muhuri barua hiyo haipo. Siku hiyohiyo, wewe ripoti kasoro kwa KE-CIRT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano kinachopokea taarifa za mashambulizi na matundu ya mifumo. Eleza tundu, usitume ukurasa wa mtu. Kama sacco yenu inapokea amana, iko pia chini ya SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia sacco, na meneja wa sacco humsikiliza SASRA kwa haraka kuliko anavyomsikiliza mwanachama.

Siku 7 zikipita kimya, mama aende kwa Kamishna na ile nakala yenye muhuri. Hapo ndipo kusema hadharani kunapokuwa na nguvu. Mwanachama ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu akasema mfumo una tundu, tuliandika tarehe fulani, hatukujibiwa. Waandishi wa habari wa redio za huku watamsikiliza, kwa Kiswahili na kwa Kiluhya. Hata wewe unaweza kuandika kwenye X kwamba barua ilipokelewa tarehe fulani na haijajibiwa. Usieleze namna ya kulifikia tundu mpaka lizibwe, maana ukieleza, kila mwenye simu atakuwa na ufunguo. Ukitaja barua, muhuri na tarehe, ni kamati itakayokuwa ikijieleza mbele ya wanachama.

Mwisho, kuhusu polisi. Ukiitwa, usiende peke yako na usikubali kueleza kila kitu kwenye simu ili "tumalize haraka". Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa kwa nini unakamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Hakikisha mama anajua mahali nakala ya barua ilipo. Rafiki yako anayetaka kupakua zote mwombe asome sehemu ya mrithi mara mbili, kisha amuulize mama yake mzazi ameandika jina la nani kwenye fomu yake ya sacco, na kama angependa jirani wote wajue.

Kamati ikikubali kukutana nanyi na ikitaka mtu wa kuwaeleza marekebisho kwa lugha ya kawaida, niandikie. Nitakuja Vihiga.